Sauti Juu ya Sauti

Hapa mtaani kwetu Umbilo, Durban, kuna mtoto ambaye kila alasiri hupita na ubao wake wa magurudumu. Sijawahi kumwona uso; mimi huwa jikoni, na dirisha letu linatazama ukuta. Namsikia tu. Magurudumu yanapovuka viungo vya saruji yanagonga, kata-kata-kata, halafu kimya anaporuka, halafu kishindo anapotua, au tusi akianguka. Majirani wameshamlalamikia kwa mwenye nyumba. Mimi huacha nilichoshika, nikasimama mpaka mlio uishe. Na tangu tumzike Mama, nasimama hata baada ya mlio kuisha, na vitunguu vinaungua.

Wa rika langu mnaikumbuka kaseti. Utepe ukitafunwa mliutoa taratibu na kuurudisha kwa kalamu. Mkitaka kurekodi mlibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile chekundu na mwenzake, mkazuia pumzi asije mtu akakohoa. Watoto wangu nimewaeleza haya hadi nimechoka. Wanaloshindwa kuelewa si kaseti yenyewe, ni kwamba nyumbani kwetu ilikuwa moja, na ilikuwa inakwenda na kurudi.

Tuliishi South Beach, ghorofa ya tisa, katika fleti ambayo sebule yake iligawanywa kwa pazia: upande huu sisi, upande ule familia nyingine ya Wakongo. Papa, aliyekuwa mwalimu wa hesabu Goma, alilinda magari ya watu kwenye maegesho ya ufukweni, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Mama alisuka nywele. Mimi nilikuwa na miaka kumi hivi. Kaka yangu Claude, yaya Claude kama tunavyowaita wakubwa wetu, alikuwa amebaki Goma na koko, yaani bibi yetu, amalize shule kwanza ndipo aje. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya nyumba yetu yote. Godoro lake lilikuwa limeshanunuliwa. Lilisimama nyuma ya mlango, bado liko ndani ya plastiki, na nilikatazwa kulilalia.

Simu ya Goma ilikuwa anasa, na koko hakujua kusoma. Kwa hiyo tulitumiana kaseti. Akipatikana msafiri wa kwenda upande huo, tulimpa. Akipatikana wa kurudi, alituletea. Ikifika tulisikiliza mara mbili, mara tatu, majirani wa nyuma ya pazia wakiitwa nao wasikilize. Halafu Papa aliirudisha mwanzo, na sisi tukarekodi majibu yetu juu ya sauti zao zile zile. Goma nao walifanya hivyo hivyo. Hakuna aliyeona ajabu. Sauti ilikuwa kama chakula: ukishakula, unaosha sahani.

Mimi nilikuwa bubu wa kaseti. Darasani na ngazini kelele zangu zilijulikana, lakini nikisogezwa mbele ya ile redio kaseti ulimi uliganda. Nilisema, "Jambo yaya," kisha nikapumua, na Mama akanisogeza pembeni kwa kiwiko aendelee na habari za maana. Basi katika kaseti ya mwisho kufika, Claude alinitaja. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu niliona fahari mpaka masikio yakawaka moto.

"Na Nabintu je? Nabintu iko bubu? Kaseti yenye kuja nataka upande muzima ukuwe wa Nabintu yeye peke yake. Aniambie Durban iko namna gani. Aniwekee na muziki ya kwenu huko."

Papa alicheka. "Umesikia, madame? Upande muzima."

Wiki chache baadaye vita vilirudi. Nilijua hilo kwa jinsi watoto wanavyojua mambo: watu wazima walianza kukaa karibu sana na redio na kunituma dukani kununua vitu ambavyo tayari tulikuwa navyo. Wasafiri wakakatika. Kaseti ikabaki kwetu ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, imekwisha kusikilizwa na bado haijajibiwa.

Ubao uliingia nyumbani miezi hiyo hiyo. Kijana mmoja wa Kizungu, mwenye nywele zilizokakamaa kwa chumvi, alikosa sarafu ya kumpa Papa baada ya kulindiwa gari. Akafungua buti, akatoa ubao wake wa zamani uliopasuka pua, akamwambia awapelekee watoto. Papa akapanda nao ghorofa tisa, maana lifti ilikuwa imekufa kama kawaida yake. Mama aliupindua, akazungusha gurudumu moja kwa kidole, akalitazama mpaka likasimama.

"Chukudu," akasema. "Kumbe bazungu nao bako na chukudu."

"Iko ndogo," Papa akasema.

"Itabeba unga."

Kwa asiyeijua Goma: chukudu ni kigari cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani. Watu hupakia magunia ya viazi na makaa, wakakisukuma mlimani, wakakipanda kwenye mteremko. Claude alikuwa nacho. Baada ya shule alibeba mizigo ya wachuuzi, na mimi, kabla hatujaondoka, nilikuwa nikisimama mbele yake kati ya mikono yake tukiteremka. "Piga magoti kidogo," aliniambia. "Usitazame miguu. Tazama kwenye tunaenda." Ndiyo masomo yote aliyonipa duniani, na nimeyatumia kwa mengi.

Kwa hiyo ubao ule ukafanya kazi ya chukudu. Ulibeba magunia ya unga kutoka dukani, ukabeba mtungi wa gesi uliofungwa kwa kipande cha kitenge, Mama akivuta kamba na mimi nikishikilia nyuma kila tulipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani. Aliyetutoa gizani ni Thandeka, mtoto wa mama aliyesafisha jengo letu, rafiki yangu na mbabe wangu. Alitukuta mlangoni na mtungi wetu, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Eish, Nabi," akasema alipopata pumzi. "Ubao huo unapandwa. Hujaona wale wavulana wa ufukweni?"

Nilikuwa nawaona kila siku. Papa alilinda magari hatua chache kutoka lile shimo la saruji walimozungukia. Lakini nilidhani mbao zao ni kitu kingine, na chetu ni cha unga. Jumamosi iliyofuata tukaenda na ubao kwapani. Muziki ulitoka kwenye gari lililoachwa buti wazi: magitaa ya mbio, ngoma zinazokimbizana, na mwimbaji anayelalamika kama mtu aliyenyimwa chakula akiwa ameshiba. Teksi zilizopita barabarani zilikuwa na muziki wao wa kwaito, mzito, wa polepole, mpaka vioo vinatetemeka. Thandeka alikuwa wa kwaito damu damu. Mimi nilichukua magitaa, na sababu haikuwa ya kimuziki. Mwendo wa ubao ulikuwa wa magitaa.

Wavulana walitutazama kwa mashaka. Wasichana wawili, mmoja akiwa na soksi za kanisani, na ubao wenye unga kwenye nyufa. Lakini nilisimama ukingoni, nikapiga magoti kidogo, sikutazama miguu, nikateremka. Sikujua lolote jingine. Sikujua kugeuka, sikujua kusimama. Nilikwenda moja kwa moja mpaka ukuta wa pili ukanirudisha, nikaanguka kwa kiwiko. Mmoja wao akapiga kelele ya kunishangilia. Papa, kule kwenye magari, aliinua mkono. Nafikiri hiyo ilikuwa siku yangu njema kuliko zote za Durban, na kwa sababu hiyo ndiyo nilifanya nilichofanya.

Nilitaka Claude ajue. Nilikuwa na la kumwambia hatimaye, na si dogo: kwamba huku pia kuna chukudu, kwamba naipanda, na kwamba ina muziki wake. Yeye mwenyewe aliomba upande mzima. Desturi ya nyumba yetu niliijua kuliko ninavyojua sala: kaseti ikishasikilizwa, jibu linakaa juu yake. Kwamba hakukuwa na msafiri sikuliona kuwa jambo. Msafiri akitokea, nilifikiri, atakuta kaseti iko tayari, na Papa atashangaa jinsi nilivyokuwa mwerevu.

Jumamosi alasiri, Mama yuko saluni na Papa yuko kazini, nikapanda kiti nikashusha kopo. Thandeka alishika redio kaseti kwa mikono miwili kama padri na sahani ya sadaka. Tukabonyeza.

"Hapa ni Radio South Beach," nikasema, na ulimi haukuganda. "Yaya Claude, uko nasikia? Ni mimi Nabintu. Sikia hii. Hii ni chukudu ya huku."

Nikapita na ubao kwenye korido ya ghorofa ya tisa, kwenda na kurudi, ili magurudumu yasikike kwenye vigae. Kisha tukaingia ndani, tukafungua kipindi cha redio kilichokuwa kikipiga magitaa kila Jumamosi, na wimbo baada ya wimbo nikarekodi, nikipenyeza maneno yangu katikati: huu ndio wa yule mvulana mrefu, huu nilianguka, huu Thandeka anauchukia. Tulicheka mno. Tuliposikia viatu vya Mama kwenye ngazi nikazima. Utepe ulikuwa umebaki kidogo sana. Nikarudisha kopo juu ya kabati, nikamfungulia Mama mlango, nikajiona mtu mzima.

Siku walipokuja kutuambia nilitoka shimoni na goti linalovuja damu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetumwa kuchukua unga na sikwenda; nilikuwa nimepitiliza na ubao. Zaidi ya hapo, ubao ulikuwa umenichomoka na kugonga mlango wa gari mojawapo lililolindwa na Papa, ukaacha mchubuko. Papa sikumwona mahali pake. Nikajua ameitwa na mwenye gari. Nikapanda ngazi nikipanga uongo, na kila ghorofa nikibadilisha uongo.

Nje ya mlango wetu kulikuwa na viatu. Viatu vya wanaume, vingi, vya kanisani, siku ya kazi. Niliviangalia nikaona nimekwisha. Wamekusanyika wote kwa ajili ya gari lile, niliwaza, hata Pasta wa kanisa letu. Nikaingia nimeinamisha kichwa, damu inashuka mpaka kwenye soksi, nikasema kwa sauti kabla sijaulizwa, "Nisameheni. Sitarudia tena."

Mama alikuwa amekaa chini, kitambaa kimemtoka kichwani. Godoro la Claude lilikuwa limetolewa nyuma ya mlango, plastiki imechanwa, na Mama amekalishwa juu yake. Hilo ndilo lililonishtua. Nikajua kwamba ni Claude, kwa sababu wasingethubutu kulichana godoro lake.

Pasta alinivuta akanikalisha karibu yake. Aliniambia kwa maneno machache, na namshukuru kwa uchache wake. Mtu alikuwa amefika kutoka Goma siku ile. Wenye silaha walimkamata yaya Claude barabarani na chukudu yake, wakamtumia kubeba mizigo yao. Siku ya nne watu wa kijiji kimoja walimkuta kando ya njia, wakamzika palepale. Chukudu haikuonekana. Nilisikia yote na akili yangu ikashika hilo la mwisho, kwamba chukudu haikuonekana, nikaanza kulia kwa ajili ya chukudu, maana ndiyo niliyoweza.

Matanga yetu yalikuwa ya siku tatu. Tulitoa vitu vyote sebuleni, lile pazia likaondolewa, wanawake wakalala chini kumzunguka Mama na wanaume wakajaza korido. Hawakumjua Claude. Karibu wote waliokuwa wakimlia walikuwa Wakongo wa Durban ambao hawakuwahi kumwona, na kila mmoja alimlia kijana wake mwenyewe aliyebaki kule. Jioni ya kwanza mzee mmoja wa kanisa akamuuliza Papa kama kuna picha. Haikuwepo.

"Picha hapana," Papa akasema. "Lakini sauti iko. Iko kaseti. Siku ya tatu, wakifika bantu bote, tutaisikiliza."

Mama akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ndiyo," akasema. "Basikie mutoto wangu."

Sitaweza kueleza siku zile tatu vizuri. Kwanza nilijiambia kwamba nilirekodi upande wa pili. Nilijua si kweli. Halafu nikajiambia kwamba sauti ya Claude iko chini ya yangu na itapenya, kama rangi ya zamani inavyoonekana ukutani chini ya mpya. Hilo nililiamini karibu siku nzima. Nikasali. Nikapanga kuliiba lile kopo, lakini chini ya kabati walikuwa wamekaa wanawake watano waliojaa huzuni na miguu mirefu, na kila nilipokaribia mmoja alinikumbatia. Nilimwendea Papa mara mbili.

"Papa, niko na neno."

"Nyuma, binti yangu," alisema, macho yake mahali pengine. Kwa Kiswahili chetu maana yake ni baadaye. Mara ya pili aliinuka kumpokea mgeni.

Thandeka alikuja na mama yake kutoa pole. Nilimvuta ngazini nikamkumbusha kaseti. Akashika mkono wangu, yule mbabe. Tulikuwa na miaka kumi.

Siku ya tatu fleti ilifurika hadi jikoni. Waliimba, Pasta akasali, na Papa akapanda kiti kile kile nilichopanda mimi. Alikuwa amevaa suti yake ya ualimu. Aliweka redio kaseti juu ya kigoda katikati ya chumba, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akarudisha utepe mwanzo. Mama alisogea kwa magoti mpaka akakaribia spika. Mimi nilikuwa mlangoni. Ningeweza kukimbia. Mpaka leo sijui kwa nini sikukimbia.

"Hapa ni Radio South Beach," ikasema sauti ya mtoto aliyefurahi. "Yaya Claude, uko nasikia?"

Magurudumu yakapita kwenye korido, kata-kata-kata, na watu waliokuwa kwenye korido ile ile wakageuka kutazama nyuma yao. Kisha yakaingia magitaa.

Papa alidhani amekosea upande. Akaitoa, akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Akairudisha, akabonyeza, magitaa yakaendelea. Watu wote walikuwa wananitazama sasa, si kwa hasira, ndiyo iliyokuwa mbaya. Walinitazama kama unavyomtazama mtu aliyegongwa na gari. Mama mmoja akanong'ona kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani ardhi inimeze, imeze na yeye pia.

"Zima, ndugu yangu," Pasta akasema taratibu.

Papa hakuzima. Alikaa chini na suti yake, akaendelea kusikiliza, na kwa kuwa yeye hakuzima hakuna aliyeondoka. Watu wa matanga wakakaa nusu saa nzima wakisikiliza muziki wa wavulana wa ufukweni, na kati ya wimbo na wimbo mimi nikiwatania. Nadhani Papa alikuwa anapiga hesabu. Alijua urefu wa utepe.

Wimbo wa mwisho ukakatika katikati, pale niliposikia viatu vya Mama. Kikafuata kishindo kidogo, kisha mvumo wa chumba kingine, chumba cha Goma, kuku mahali fulani mbali. Mtu wa nje akaita jina. Na Claude, karibu kabisa na sisi, akamjibu, "Niko nakuja."

Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka.

Mama alitoa mlio ambao sitauandika. Papa akainuka, akanijia, na watu wakafungua njia. Nilijua atanipiga, na nilitaka anipige, nilikuwa nimekwisha kuinua uso. Mama ndiye aliyesema, kutoka sakafuni, bila kugeuka.

"Muache mutoto. Mimi mwenyewe nilimupanguza mara ngapi? Kila kaseti alituma, tulimupanguza, tukaweka yetu. Wewe ndiye ulikuwa unafinya kile kitufe."

Papa akasimama hapo hapo, mkono umeinuka. Halafu akanipita, akatoka, na nikamsikia akishuka ngazi za ghorofa zote tisa.

Hakunipiga siku hiyo wala siku nyingine. Hakunikaribisha tena kwenye maegesho pia, na miaka yote iliyobaki ya maisha yake, aliponisemesha, alinisemesha kama mwalimu anavyomsemesha mtoto wa mwingine. Sikumlaumu. Ubao nilimpa Thandeka. Alikuja kuwa hodari, walimjua mpaka North Beach, na nilikuwa napita upande wa pili wa barabara nisimwone. Mama alirudi kubeba unga kwa mikono.

Lakini kaseti aliichukua yeye. Kila Jumapili baada ya ibada alikaa nayo. Papa alikuwa amemwonya kwamba kukimbiza utepe mbele kutaukata, kwa hiyo hakuukimbiza. Aliusikiliza wote tangu Radio South Beach, nusu saa ya magitaa, amekunja mikono kama yuko kanisani, ili afike kwenye yale maneno mawili. Papa alikwenda kukaa ngazini mpaka iishe. Mimi nililazimika kukaa, au nilijilazimisha, sijui. Nyimbo zile zilimwingia. Nilimkuta saluni akisuka kichwa cha mtu huku akivuma magitaa ya wavulana wa Kizungu, noti kwa noti, na hata pale ambapo mimi nilidakia maneno yangu yeye alinyamaza kwa urefu ule ule. Wateja walidhani ni nyimbo za dini za kwetu. Mimi sikuweza kumweleza mtu.

Miaka ikala utepe. Mwisho wa kaseti ndio unaovutwa sana, kwa hiyo kilichochakaa kwanza ni Claude. Alififia akawa mnong'ono, kisha mvumo, na magitaa yangu yakabaki mazima. Mama aliendelea kuisikiliza hata hivyo mpaka mashine yenyewe ilipokufa na hakukuwa na mtu Durban wa kuitengeneza.

Mwaka huu, alipolazwa, akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Siku moja saa ya wageni nilimkuta akivuma. Nikaketi. Alizivuma nyimbo zote kwa mpangilio wake, akanyamaza kwenye nafasi zangu, akakata wa mwisho katikati pale pale ulipokatwa. Kisha akageuza kichwa kwenye mto, sikio juu, akangoja. Alingoja sana. Uso wake ulikuwa ule wa siku ya matanga, amepiga magoti mbele ya spika, na mimi nilikuwa mtu pekee chumbani aliyejua anangoja nini.

Nikasogea karibu na sikio lake. "Niko nakuja," nikasema.

Mama akafungua macho akanitazama, vizuri, kama mtu aliyerudi.

"Si wewe," akasema bila hasira, akaanza tena wimbo wa kwanza.